Kuijua baridi ya nyumba kabla ya kujenga: maswali kutoka Nyanda za Juu Kusini

Maswali kuhusu programu huria za kukokotoa joto na nishati ya majengo, kama EnergyPlus, yamekuwa mengi, hasa kutoka Mbeya, Iringa na Njombe. Nimechagua yale yanayojirudia.

Mimi ni mchora ramani, Uyole. Hiyo EnergyPlus ni bure kweli, au nitatumia mwezi mmoja halafu nianze kudaiwa?

Ni bure moja kwa moja, ndugu yangu. Iligharimiwa na Wizara ya Nishati ya Marekani, ikatoka mwaka 2001 ikirithi programu mbili za zamani, BLAST na DOE-2. Msimbo wake uko wazi, na leseni inakuruhusu kuitumia hata kwenye kazi unayolipwa. Ugumu wake ni kwamba yenyewe ni injini tu ya hesabu, haina mahali pa kuchorea. Anza na OpenStudio, ambayo nayo ni huria: unajaza taarifa za jengo humo, yenyewe inaipelekea EnergyPlus hesabu.

Nasoma usanifu majengo, niko Iringa. Nilitumia faili la hali ya hewa la Dar es Salaam, mwalimu akaikataa kazi yangu. Kwani kuna tofauti kubwa?

Kubwa sana, na mwalimu wako amekusaidia. Faili hilo lina saa 8,760 za mwaka: joto, unyevu, upepo na jua. Ukitumia hewa ya pwani, programu itahangaika kupoza nyumba usiku, wakati Iringa mwezi wa saba watu wanatafuta blanketi la pili. Mafaili ya bure, ya vituo vya Tanzania yakiwemo, yako kwenye tovuti ya Climate.OneBuilding. Usipopata la mji wako, angalia mwinuko kwanza, umbali baadaye. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kyela, mkoa ule ule, ni mita 500 hivi.

Najenga Makambako, tofali za kuchoma na bati. Dari nisubiri hadi nipate hela? Kijana wangu anajua kompyuta, anaweza kunipimia?

Anaweza, mzee wangu, na hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote. Atengeneze modeli mbili, yaani mifano ya kwenye kompyuta, za nyumba ile ile, moja yenye dari na nyingine bila. Kwa kuwa hamtaweka hita wala kiyoyozi, asihangaike na bili ya umeme. Aangalie joto la chumba cha kulala saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, katika modeli zote mbili.

Awe macho na mambo mawili. EnergyPlus haiingizi hewa ya kwenye mianya mpaka uiambie. Akisahau, nyumba yenu itahesabiwa kama haina upenyo hata mmoja, na mimi na wewe tunajua upepo wa Makambako unavyopita kati ya ukuta na bati. La pili ni bati lenyewe. Usiku wenye anga safi paa hutoa joto kwenda angani, na programu, usipoibadilisha, hulipatia paa uwezo wa 0.9 wa kutoa joto hilo, kwa kipimo cha 0 hadi 1. Hiyo inafaa bati la rangi; bati jipya jeupe linalong'aa ni kati ya 0.2 na 0.3. Asipobadilisha, nyumba itaonekana ya baridi kuliko ilivyo.

Kisha atundike kipimajoto katika nyumba mnayoishi sasa, aandike joto la kila alfajiri kwa wiki kadhaa, na aione modeli ya nyumba hiyo inakubaliana nayo kiasi gani. Mimi bila kompyuta ningeanza na dari ya vyumba vya kulala, sebule ingesubiri.

Dirisha kubwa liangalie wapi?

Kaskazini. Mwezi wa sita, jua la saa sita mchana kwa Mbeya liko kaskazini, nyuzi 58 hivi juu ya upeo, na litaingia ndani. Desemba linahamia kusini. Video nyingi za mafunzo zinasema kusini kwa sababu zimetengenezwa Ulaya na Marekani. Usizifuate kwa hilo.

Sisi Njombe tunaota jiko la mkaa chumbani hadi usingizi. Nalo linaingizwa kwenye modeli?

Joto lake linaingizwa kama chanzo cha joto cha ndani, kwa saa mnazoliwasha. Lakini dada yangu, nakuomba: hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Modeli itakuonesha kwamba kuziba mianya kunaongeza joto, na ni kweli. Hesabu hiyo haisemi chochote kuhusu sumu. Jiko litoke nje kabla hamjalala, leo hii, na msizibe mwanya wowote wakati bado mnalitumia ndani.