Gesi ya Ziwa Kivu: wakazi wa Goma, Kongo, mmeuliza, tunajibu

Eti ng'ambo wanawasha taa kwa gesi ya ziwa hili hili? (Mama muuza samaki, Kituku)

Ndiyo, mama. Mtambo wa KivuWatt, karibu na Karongi upande wa Rwanda, ulizinduliwa 2016, megawati 26. Bomba hushushwa zaidi ya mita 300. Maji yakipanda, mgandamizo unapungua na gesi inatoka yenyewe kwa mapovu. Methani, ile gesi inayowaka, inachujwa, inapelekwa kuendesha mashine za umeme. Ugumu uko kwenye kuyarudisha maji yale: yakimwagwa kwenye kina kisichofaa, matabaka ya ziwa yanavurugika.

Ziwa linaweza kutuua? (Mwanafunzi, Himbi)

Tarehe 21 Agosti 1986, hewa ukaa ilifumuka kutoka Ziwa Nyos, Kameruni, ikaua watu zaidi ya 1,700. Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos. Maji yake ya chini ni mazito, yana chumvi, ndiyo yanayofungia methani na hewa ukaa huko. Hiyo hewa ukaa unaijua tayari: ndiyo mazuku, inayotuama mabondeni na kuua mbuzi.

Makampuni ya gesi yapo. Kwa nini serikali ilipie utafiti? (Fundi umeme, Majengo)

Kaka, kampuni hupima pale inapotaka kuchimba. Ziwa zima, mwaka hadi mwaka, litapimwa na nani? Marekani, kati ya 1976 na 1992, serikali ilifadhili utafiti wa gesi iliyonaswa kwenye miamba ya mashariki. Makampuni yakaja kuvuna baadaye. Kwetu, kituo cha kuchunguza volkano hapa Goma kiliishiwa ufadhili wa Benki ya Dunia mwaka 2020, hata intaneti ya kupokea data za vipimo ikakatika kwa miezi. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ikalipuka. Siku chache baadaye tulibeba watoto na magodoro kuelekea Sake, kwa kuhofia uji wa moto uliokuwa chini ya mji na ziwa. Mji wa watu wengi hivi hauwezi kungoja msaada wa mgeni ili ulipe intaneti. Mshahara wa wachunguzi na vipimo vya ziwani viwekwe kwenye bajeti ya taifa kabla ya mkataba wowote wa gesi kusainiwa.

Makala (makaa ya kupikia) yatashuka bei? (Mama wa Ndosho)

Si kwa gesi hii, mama, kwa sasa. Upande wetu bado hakuna mtambo wa kuivuna. Umeme wa maji wa Matebe, Rutshuru, upo tangu 2015. Kama nyaya zimefika mtaani kwenu, uliza bei ya kuunganishwa, upike kwa umeme.