Kontrakta anakuzungusha? Tuma barua ya siku 20 kwanza

Mkuu, umeuliza kama fundi vigae wa San Diego anaweza kumbana mwenye nyumba wakati aliyempa kazi ni kontrakta. Anaweza, mimi yamenikuta hukuhuku California. Kuna zuio la fundi: deni lako linaandikishwa juu ya nyumba yenyewe kwa msajili wa kaunti, na mwenye nyumba akitaka kuuza au kukopa analikuta limekaa.

Ila tarehe zake hazina huruma. Barua ya awali, yaani taarifa kwamba unafanya kazi hapo na unaweza kuweka zuio usipolipwa, itumwe kwa mwenye nyumba, kontrakta na benki ya ujenzi kama ipo, ndani ya siku 20 tangu uanze kazi. Ukichelewa bado tuma, lakini utadai kuanzia siku 20 kabla ya barua; ya nyuma imekula kwako. Mimi niliona aibu, nikahisi ni kama kumshtaki mtu kabla hatujakosana. Nikaituma wiki ya sita. Jasho la wiki tatu za mwanzo likaenda hivyohivyo.

Halafu kuna karatasi za kuachia haki ya zuio, ambazo kontrakta hukupa usaini anapokulipa. Yenye masharti haina nguvu mpaka pesa iingie. Isiyo na masharti inakubana ukishasaini, na imeandikwa wazi kwamba inakubana hata kama hujalipwa. Kontrakta alinipa hundi na hiyo ya pili, nikasaini juu ya boneti ya gari lake bila hata kuvaa miwani. Hundi ikarudi. Hapo sina wa kumlaumu.

Kilichobaki nilikiandikishia zuio. Una siku 90 tangu kazi yote iishe, au 30 tu mwenye nyumba akisajili taarifa ya kumaliza, na nakala ya zuio umpelekee mwenye nyumba. Ukishaandikisha, usipofungua kesi ndani ya siku 90 zuio linakufa. Mimi sikufika mahakamani: mwenye nyumba alikuwa anabadilisha mkopo, benki ikaliona, siku ya tisa nikalipwa.

Shule na majengo mengine ya serikali hayawekewi zuio, huko njia ni nyingine. Na kama huna leseni ya vigae, C-54, kwa kazi kubwa kama hiyo hata usihangaike.

Umesema leo ni siku ya 16 na kontrakta bado anasema "wiki ijayo". Zimebaki nne. Kesho asubuhi posta, barua ya rejista, na risiti usiitupe.