Faili mama halifutwi

Wanangu mnaoingia kwenye kazi ya video na programu za simu hapa Lamu, nawapenda, na mmenichosha. Wiki hii nimekuta tena faili mama, lile la asili lenye ubora wote, limefutwa kwa sababu diski imejaa, na aliyelifuta ana furaha tele: "Usijali, nakala ndogo ipo, na kwenye WhatsApp inacheza safi." Kila kundi linalokuja lina simu bora kuliko lililotangulia, linajua majina ya kodeki zote, yaani mbinu za kubana na kufungua video na sauti, kisha linarudia makosa yale yale kwa mpangilio ule ule. Basi nimeyaandika. Someni kabla hamjagusa kazi ya mtu.

1. Faharasa ya faili la video la MP4, ile inayokiambia kichezaji kila kipande kiko wapi, ikae mwanzo wa faili, ili video ianze kabla faili halijashuka lote. Tieni `-movflags +faststart` kwenye kila amri ya FFmpeg (programu ya kugeuza video) inayotoa video ya mtandaoni, na msiniulize tena kwa nini video inazunguka tu kwa mtu aliye kwenye gati ya Mokowe mwenye kijistari kimoja cha mtandao.

2. Kodeki mpya ni tamu, lakini simu ya mtazamaji iulizwe kwanza. H.264 ni ya mwaka 2003 na najua mnaiona kizee. HEVC ikaja 2013. AV1 ikatolewa 2018 na Alliance for Open Media, inabana vizuri mno, imetolewa itumike bila kulipia ada, na mimi nikiwa wa kwanza naifurahia. Android iliitambua AV1 kuanzia toleo la 10, mwaka 2019. Lakini kuitambua ni jambo moja, na kuwa na chipu ya kuifungua ni jambo jingine. Simu ya bei nafuu huifungua kwa nguvu za prosesa peke yake: betri inashuka, simu inachemka, fremu (picha moja moja zinazounda video) zinarukaruka.

Mmoja wenu alitengeneza ukurasa mzuri sana wa mafundi wa majahazi wa Matondoni, akaweka HEVC peke yake kwa kuwa kwenye iPhone yake ilicheza. Fundi mwenyewe alipofungua kwenye simu yake, akasikia mlio wa nyundo yake na skrini nyeusi tupu. Akadhani amebonyeza vibaya, akatuomba radhi. Hilo ndilo liloniudhi: mzee anaomba radhi kwa uvivu wetu. Wapeni AV1 wanaoiweza, na H.264 iwepo kwa kila mtu. Kivinjari kinaweza kuulizwa kama simu itaicheza kodeki fulani kwa ulaini na bila kumaliza betri. Kiulizeni, kisha ndipo mtume.

3. Faili mama halifutwi. Hapa nitakaa, kwa sababu nina deni.

Zamani kidogo, kabla wengi wenu hamjashika simu, bibi mmoja wa mtaa wa Langoni alituletea kanda za VHS. Babake alikuwa msomaji wa tenzi. Watu walimwalika majumbani mwao, na jamaa mmoja mwenye kamera alikuwa akimrekodi, ameketi barazani, mkono wa kulia ukipanda na kushuka kwa vina. Bibi alitaka kanda zile ziingizwe kwenye kompyuta ili wajukuu walioko Mombasa na Omani wamsikie babu yao. Tulizipokea kwa heshima zote. Niliyekaa kwenye mashine ni mimi.

Kuzihamisha hakukuwa na tatizo. Tulizipitisha kwenye DV, muundo wa video ya kidijitali ambao saa moja ya picha hula takriban gigabaiti 13. Diski yetu ilikuwa ndogo na harusi zilikuwa zinangoja zamu, nikaamua kubana. Sasa VHS ya PAL, mfumo wa televisheni wa huku kwetu, ina fremu 25 kwa sekunde, lakini kila fremu ni nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati mbili, kwa hivyo mwendo halisi una hatua 50. Mimi nikatupa nusu moja ya kila fremu, maana ndiyo njia ya haraka ya kuondoa ile mistari inayochana picha mtu anaposogea. Nikatia kichujio cha kuondoa chenga, nikakikaza. Sauti nikaishusha hadi kilobiti 32 kwa sekunde. Nikawaza, ni mtu mmoja anasoma, hakuna ngoma wala zumari. Kila kanda ikatoka faili dogo la kuingia kwenye flashi. Nikalitazama kwenye skrini ya laptopu, likanipendeza. Nikafuta DV. Kanda zikarudi kwa mwenyewe, zikawekwa kwenye zidaka vya ukutani, kwenye hewa yetu hii ya chumvi.

Miaka ikapita. Mjukuu mmoja akaenda chuo kikuu, akarudi na nia ya kuyaandika maneno ya babu ubeti kwa ubeti. Akashindwa. Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu, kina t ya meno na t ya ufizi, na mtu wa hapa huzitenganisha bila hata kufikiri. Lakini tofauti hiyo, kama ile ya s na f, hutegemea sana masafa ya juu ya sauti, na masafa ya juu ndiyo ya mwanzo kukatwa ukiinyima kodeki biti. Pahali pengi neno lilisikika mwanzo na mwisho, katikati hamna kitu. Tukasema labda midomo itatusaidia. Kichujio changu kilikuwa kimeulainisha uso hata midomo haikuwa na mipaka. Na ule mkono uliokuwa ukienda na vina ulikuwa unaruka hatua, haufuati tena mizani ya kisomo.

Tukazirudia kanda. Ndani yake mlikuwa na ukungu, ule mweupe unaoshika ukingo wa utepe, na nyingine zilikatika tulipokuwa tukizisafisha. Mashine yetu ya VHS ilikuwa imeshakufa. Tuliyoazima iligoma kuzivuta.

Bibi alikuja mwenyewe ofisini. Akakaa, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, huyu ni baba. Lakini kuna pahali mumemtoa." Hakupaza sauti. Nilimweleza kila kitu, habari ya diski na ya DV, na kwamba uamuzi ulikuwa wangu, sikumtia mtu mwingine ndani. Nikamwomba radhi. Alinisamehe, Mungu amlipe. Beti zile hazikupatikana, na mjukuu aliandika utenzi wenye mapengo. Kila nikiuona msitari wa nukta kwenye kazi yake najua ni biti gani nilizibania.

Ndiyo maana sitaki kuambiwa diski imejaa. Kodeki inayopoteza ikishapoteza imepoteza, na mkikibana tena kilichokwisha kubanwa mnapoteza juu ya hasara. Leo hata kisingizio hakuna. Kodeki ya FFV1 hubana bila kupoteza hata nukta moja ya picha, imeandikwa rasmi kama RFC 9043 (hati rasmi ya IETF, wanaoandika kanuni za intaneti) tangu 2021, na Matroska, aina ya faili inayoibeba, ikapata yake, RFC 9559, mwaka 2024. Ndiyo, saa moja ya kanda itakula makumi ya gigabaiti. Nunueni diski. Fanyeni nakala tatu, moja ikae nje ya kisiwa. Yetu iko Mombasa. Na hesabu ya uhakiki ya kila faili, ile namba inayobadilika faili likiharibika, iandikwe siku lile faili linapoingia, si siku mtakapoanza kulishuku.

Kuna jibu jipya ambalo nimelisikia kwenu mara nyingi sasa: "Akili bandia itarudisha." Haitarudisha. Haijui alichosema mzee yule. Inatunga kinachofanana na ambacho angeweza kusema, kwa kufuata sauti na sura za watu wengine iliofunzwa nazo. Kwa tangazo la nyumba ya wageni ya Shela, sina neno, ing'arisheni bahari mpaka mtosheke. Kwa msomaji wa tenzi aliyekwisha kufa, huko ni kumtia maneno kinywani, na atakayekuja kuandika beti hatajua lipi lake na lipi la mashine. Mkiitumia, andikeni juu ya picha yenyewe kwamba imetumika, na faili lisiloguswa likae pembeni. Vivyo hivyo maandishi ya chini yanayojiandika yenyewe: Kiswahili cha taarifa ya habari yanakijaribu, cha barazani yanakivuruga. Asomewe mtu mzima wa hapa kabla hayajatoka.

4. Kamera ya simu haina fremu sawasawa kwa sekunde, hupunguza gizani na kuongeza mwangani. Zifanyeni ziwe sawa kabla ya kuhariri, la sivyo kufikia nusu saa midomo na sauti zimeachana.

5. Kurusha mubashara. Maulidi yakifika, mnajua mji unavyojaa: wageni, mashindano ya majahazi na ya punda, na kila mkono una simu inayopandisha picha mahali pamoja. Mnara ule ule ndio mnautegemea nyinyi. Kwa hiyo kamera irekodi ndani yake kwa ubora wake wote, na kinachorushwa kiwe nakala tu. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, waliokuwa wanategemea kilichohifadhiwa kwenye seva za ng'ambo peke yake walijua thamani ya kadi ya kumbukumbu.

Halafu kuna mabishano yenu ya WebRTC na HLS, njia mbili za kurusha video mtandaoni, ambayo yananifurahisha kuyasikiliza kwa sababu mnayajua mambo kweli, ila mnasahau kumtaja anayetazama. Apple walipoileta HLS mwaka 2009 waliijenga juu ya vipande vya faili. Leo wanashauri vipande vya sekunde 6, na kichezaji kikianza vipande vitatu nyuma, umechelewa sekunde 18 kabla hujahesabu kitu kingine. WebRTC, ambayo Google waliifungua kwa umma 2011 na W3C, wanaoweka viwango vya wavuti, wakaipitisha 2021, hufika chini ya sekunde moja. Mnaona namba hizo mnakimbilia ndogo. Shangazi aliyeko Maskati hajali sekunde 18. Anachotaka ni jahazi lisigande na tanga likiwa nusu. Mpeni HLS, yenye ngazi kadhaa za ubora, na fremu kuu, zile zinazobeba picha nzima, zianguke mahali pamoja kwenye ngazi zote ili kuhama ngazi kusimkatie picha. Darsa la mwalimu anayejibu maswali ya wanafunzi walioko mbali, hapo ndipo WebRTC, maana mazungumzo yakichelewa si mazungumzo.

Wale mnaofuatilia usafirishaji wa video juu ya QUIC (njia ya kusafirisha data mtandaoni) unaoandikwa pale IETF, endeleeni, na mnifundishe. Nauona una mwisho mzuri, kwa sababu unaahidi kuleta kasi ya WebRTC na wingi wa watazamaji wa HLS. Jaribuni kwa video zenu wenyewe. Harusi ya mtu haijaribiwi kitu.

6. Bando la mtazamaji ni pesa yake. Megabiti 5 kwa sekunde ni megabaiti 37.5 kila dakika. Pigeni hesabu hiyo kwa sauti mbele ya mvuvi aliyenunua bando la siku, kisha mniambie bado mnataka video ijianzishe yenyewe anapofungua ukurasa. Chrome ilizuia video kujianzisha na sauti tangu 2018, nanyi mkaona dawa ni kuinyamazisha ianze hivyo hivyo; bando linaisha kimya kimya. Anzieni ngazi ya chini, mtu apandishe akitaka. Na majaribio msiyafanye ofisini penye waya. Ingieni ndani ya nyumba ya mawe kule Mkomani, vyumba vya nyuma kabisa ambako kuta za matumbawe hazipitishi kitu, mjaribu kutoka huko.

7. Ruhusa. Faili la simu hubeba mahali lilipopigwa, na simu nyingi hupandisha kila kitu mawinguni zenyewe bila kuuliza. Kazi ikianza, zimeni vyote viwili.

Upande wa wanawake kwenye harusi zetu nausema peke yake. Wamevua mabuibui kwa sababu wako wenyewe. Video ile ikitoka, hata kwa bahati mbaya, hata kwa sekunde chache kwenye kundi la jamaa, hakuna sasisho la programu litakaloirudisha. Tumewahi kuitwa usiku na familia yenye hofu kwa sababu simu ya msaidizi ilikuwa imeunganishwa na kompyuta ya nyumbani kwao, na picha zilikuwa zinashuka kule mbele ya kaka zake. Tuliwahi. Tungechelewa kidogo tu, sijui ningewaangalia vipi wale wazee.

Kwa hiyo hapa ndipo kanuni yangu ya tatu inapokoma. Faili mama la tukio lile ni la bibi harusi na mamake, si letu. Wakitaka tulitunze, tunalitunza kwa kufuli. Wakisema lifutwe, linafutwa mbele yao, pamoja na nakala ya Mombasa, na mnawaonyesha kwamba limeondoka. Kazi za upande huo zinashikwa na mabinti wa kundi letu, kuanzia kamera hadi uhariri, na nyinyi wavulana hamgusi hata kadi.