Ukiwa tezi, nyuma ya boti, fimbo mbili zinatosha

Mkuu, umeuliza mawili. Mfanyakazi mwenzako kakualika shindano la klabu yake la kuvua besi hapa Dallas mwezi ujao, una dola 600, ununue fimbo ngapi. La pili umelitupia mwishoni kama jambo dogo: "kuna adabu zozote za kuchunga?" Nimesoma majibu uliyopewa. Mmoja kakuorodheshea fimbo nane, kila moja na kazi yake. Hajakosea kuhusu hizo kazi, ila amesahau kwamba wewe huna boti.

(Besi ninayemsema ni samaki, si gitaa. Najua kuna watakaoingia humu wakitafuta mambo ya bendi.)

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye mshipi wa mkono. Marehemu baba alikuwa na kibao cha mti kilichozungushiwa nailoni nene, chubwi ya risasi mbele, kipande cha ngisi kwenye ndoana, basi. Nilipoingia klabu huku Texas mwaka 2016 nilijiona fundi. Nilikwenda shindano la kwanza na fimbo saba na sanduku la vifaa kubwa kama la fundi bomba. Mwenye boti akaliangalia, akaangalia boti yake, akaanza kuhamisha vitu vyake taratibu ili vyangu vienee. Nikadhani ni ukarimu.

Elewa unavyokaa mle. Mashindano mengi ya klabu ni watu wawili kwa boti, mnapangwa kwa kura. Mwenye boti anasimama omo, yaani mbele, anaendesha mota ya umeme kwa mguu, anachagua wapi pa kwenda na upande gani wa kutupa. Wewe uko tezi. Samaki mnaowapata wanawekwa kwenye tangi la maji chini ya sitaha, wanakaa hai mpaka mizani, maana mnashindana kwa uzito. Wazee wetu walisema kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani tumboni mwa chombo, na mimi kila nikifungua kifuniko cha lile tangi namkumbuka baba.

Sasa, kwa kuwa uko tezi, karibu kila mti, kila gati na kila ukingo wa majani unaokufikia umeshatupiwa chambo na mwenzako. Besi aliyekuwa na hasira ameshakula cha kwake. Waliobaki ni wazito, na wanataka kitu kinachoshuka polepole mbele ya pua. Kwa hiyo usinunue vifaa vinavyofanana na vya mwenye boti. Nunua vya kufanya asichofanya yeye.

Fimbo ya kwanza iwe futi 7, nguvu ya wastani, ncha nyepesi, na rili (kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi) ile inayoning'inia chini ya fimbo, saizi 2500 au 3000. Jaza uzi wa kusuka wa pauni 10 mpaka 15 (hizo pauni ni mzigo unaobebwa kabla uzi haujakatika), halafu mbele unganisha mshipi wa florokaboni wa pauni 8, pima moja na ushei. Uzi wa kusuka ni mwembamba na haunyumbuki, unatupa mbali hata chambo chepesi. Florokaboni haionekani kirahisi majini na haikatiki upesi ikisuguana na miti. Chambo chake ni mnyoo wa mpira wa inchi 5. Mtoboe katikati ya mwili kwa ndoana ndogo, bila chubwi yoyote. Mtupe, kisha usifanye kitu. Atashuka huku ncha zote mbili zinatetemeka. Wewe tazama mshipi pale unapoingia majini, kwa sababu mara nyingi hutasikia mdonoo wowote mkononi, utaona tu mshipi unaanza kutembea kwenda pembeni. Hapo kaza. Kwa njia hii moja nimepata zaidi ya nusu ya samaki wangu wote wa tezi.

Fimbo ya pili iwe futi 7 tena, lakini ngumu zaidi, na rili inayokaa juu ya fimbo, florokaboni ya pauni 15. Hii ni ya mtindo ambao hata jina lake wameupa Texas: chubwi yenye umbo la risasi ya bunduki inateleza juu ya mshipi, ndoana namba 3/0 yenye shingo iliyopinda, na ncha ya ndoana unaizika ndani ya mnyoo isikamate kitu. Ukiona Ziwa Fork, mashariki mwa Dallas, utaelewa kwa nini. Lile ni bwawa lililojaa miaka ya 1980, na miti mingi iliachwa imesimama mle mle, mpaka leo vigogo vinachungulia juu ya maji. Ndoana iliyo wazi haimalizi dakika tano pale.

Onyo kuhusu hiyo rili ya juu: kama hujaizoea, pipa lake linazunguka kwa kasi kuliko chambo kinavyokwenda, na mshipi unafumana kama nywele za mtoto aliyelala bila kusukwa. Kaza breki yake, weka dole gumba juu ya pipa, ukajifunze kwenye nyasi za bustani ya umma wiki tatu kabla. Ukiona bado, iache nyumbani uende na mbili za aina ya kwanza, hakuna atakayekucheka. Kitakachomkera mwenye boti ni wewe kukaa nusu saa unafumua nyuzi wakati samaki wanarukaruka.

Ya tatu ukitaka, iwe laini, ya kuvutia visamaki vya plastiki vyenye ndoana za kucha tatu, maana fimbo ngumu huzing'oa ndoana hizo mdomoni mwa samaki. Si lazima. Rangi za minyoo usizipe muda: nyeusi yenye buluu maji yakiwa ya matope, kijani cha boga yakiwa safi. Ongeza kitu cha hudhurungi kinachofanana na kamba wa maji baridi, kwa kuwa besi anampenda mno. Walioko Kenya wanalijua hili. Besi huyu huyu wa Kimarekani alipelekwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, na kamba wa Louisiana naye akapelekwa kule mnamo 1970, basi wakakutana ugenini kama jamaa wa kijiji kimoja, mmoja akaendelea kumla mwenzake.

Seti mbili nzuri za kawaida hazikufikishi dola 250. Inayobaki kata leseni, nunua jaketi la kuokolea lililo jembamba na koti la mvua, na mkoba mmoja unaoweza kuupakata. Bado utabaki na hela, na unayo kazi nayo, nitaifikia.

Nije kwenye adabu, na nianze na aibu yangu. Ziwa Tawakoni, mwezi wa nne, mwaka wangu wa kwanza. Mwenye boti, mzee wa makamo, alinasa besi pembeni ya kigogo. Si haba, kama pauni 6 hivi. Samaki alipofika ubavuni nikafanya nilichokifanya utoto wangu wote: nikainama, nikashika mshipi, nikavuta. Kule kwetu ile nailoni ingenyanyua changu wa kilo tano wala isilalamike. Huku ilikuwa florokaboni ya pauni 12, na kinachobeba mishtuko ya samaki ni mpindo wa fimbo. Ukishika mshipi kwa mkono umeiachisha fimbo kazi. Yule samaki akapiga mkia mara moja, tap. Kimya.

Angenitukana ningepona upesi. Hakusema kitu. Alikaa, akafunga ndoana nyingine, akaendelea kutupa kwa saa tatu bila kugeuka nyuma. Jioni alikosa nafasi ya tatu kwa tofauti ya pauni mbili.

Basi sikia. Mwenzako akinasa, vuta mshipi wako ndani, chukua kile kiwavu cha mkono, uliza, "Nikusaidie?" Akikubali, kizamishe majini ukitulize, yeye amwongoze samaki aingie kwa kichwa, ndipo unyanyue. Usimkimbize kwa nyuma ukaugusa mkia, atapata nguvu mpya. Mshipi usiuguse kabisa. Na baadhi ya vilabu hawaruhusu kiwavu, kwa hiyo soma kanuni kabla ya siku yenyewe.

Usitupe chambo kuelekea omo. Chora mstari kichwani unaokata boti katikati, mbele yake ni kwa mwenye boti. Kuna wenye boti waungwana watakwambia, "Tupa pale, kuna samaki." Ukiambiwa, tupa. Usipoambiwa, vumilia. Na mahali alipokupeleka ni siri yake. Usitoe simu ukaweka alama ya ramani. Usirudi Jumamosi inayofuata na shemeji zako watatu. Nimemwona mtu akifanya hivyo, na msimu mzima kila aliyepangwa naye alikuwa na "dharura" asubuhi ya shindano.

Pesa: mwenye boti anavuta trela kwa mafuta yake na anakimbiza injini kwa mafuta yake. Mpe mchango asubuhi, kabla hajauliza, kabla hata hamjashusha boti. Mimi hutoa dola 50. Akikataa, muwekee kwenye kishikio cha kikombe. Ukisubiri jioni, na ameshindwa, inakuwa kama unamlipa pole.

Pale kwenye mteremko wa kushushia boti ndipo watu wanapogombana kuliko ziwani. Panga vitu vyako kule maegeshoni, si mkiwa mmeshaziba njia na boti kumi ziko nyuma. Jifunze kushika kamba, au kama unajua kurudisha trela nyuma, sema mapema, utapendwa. Na wanaporudi nyuma gizani, zima taa za gari lako zisiwapige machoni.

Viatu visiwe na soli nyeusi inayochora sitaha. Ile rangi ya kuchovya mikia ya minyoo, ya njano inayonuka vitunguu saumu, iache nyumbani: kwenye zulia la boti haitoki. Nimelipa mimi. Minyoo ya mpira usiiache juani juu ya kiti, inayeyuka.

Wanachokichukulia kwa ukali zaidi ni samaki kufa. Ray Scott, muuza bima wa Alabama aliyeandaa shindano kubwa la besi ziwa Beaver huko Arkansas mwaka 1967 na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wavuvi wa besi, B.A.S.S., ndiye aliyesukuma desturi ya kumrudisha samaki majini akiwa hai baada ya mizani, tangu 1972. Leo vilabu vingi hukata uzito kwa kila samaki aliyekufa. Kiangazi cha Texas maji yanakuwa kama ya kuogea mtoto mchanga. Njoo na chupa mbili tatu za maji ulizogandisha, uzitie kwenye tangi mojamoja. Barafu ya dukani usiimwage tu, maji yake mara nyingi yana klorini. Mshike besi kwa mkono uliolowa, na kama ni mkubwa mshikilie tumbo pia, usimning'inize kwa taya kwa ajili ya picha.

Kanuni za jimbo: kwa kawaida besi mdomo mkubwa awe si chini ya inchi 14, watano kwa siku. Mkiwa Fork ni tofauti, aliye kati ya inchi 16 na 24 haruhusiwi kubaki na wewe, na wa inchi 24 au zaidi ni mmoja tu kwa siku. Pima kwenye ubao, usikadirie kwa jicho. Mkitoka ziwani lazima maji yote yamwagwe kwenye boti na matangi, ni sheria ya Texas tangu 2014, kwa sababu ya kome wavamizi. Sisi tuliokwisha kuona magugu maji Ziwa Victoria hatuhitaji kuelezwa sana hapo.

Udanganyifu sitauzungumzia kirefu, hukuniuliza na sidhani unao. Jua tu kwamba Texas ni kosa la jinai, na zawadi ikifika dola 10,000 unaingia kundi la makosa makubwa. Mwaka 2022 kule Cleveland, Ohio, mbele ya umati, walipasua samaki wa washindi wakakuta chubwi za risasi tumboni. Wale jamaa wawili walikwenda jela siku kumi, na boti ikachukuliwa.

Ukishapangwa na mtu, mpigie simu siku mbili kabla. Muulize tu: tukutane wapi saa ngapi, nilete fimbo ngapi, kuna kitu hupendi ndani ya boti? Hilo la mwisho ningeuliza mimi nisingekuja na kichane cha ndizi mbivu kwa ajili ya chai ya asubuhi. Wavuvi wengi huku wanaamini ndizi ni mkosi botini, na wale wanaotania hutawatofautisha na wasiotania. Mtu mzima, mkanda wa silaha kiunoni, alisimama kando ya boti yake akakataa kuwasha injini mpaka niwe nimezila zote pale pale au nizirudishe garini. Nilikula nne.

Rili ya juu ninayo moja ya ziada. Niko Garland, jirani na Dallas, Jumapili baada ya ibada huwa pembeni ya Ziwa Ray Hubbard. Nitumie ujumbe binafsi, uje uitupe tupe kwenye nyasi kabla hujanunua ya kwako.