Maus ilianza mwaka gani hasa?

Salaam ndugu. Umeeleza kwamba umekwama katika wasifu wa mchoraji katuni Art Spiegelman kwa sababu chanzo kimoja kinasema Maus, kitabu chake cha katuni, ilianza 1972, kingine 1980, na cha tatu 1986. Kwanza angalia kila chanzo kinazungumzia chapisho lipi, maana vyote vina ukweli. Mwaka 1972 alichapisha katuni fupi ya kurasa tatu yenye jina hilo. Kuanzia 1980 sura za kitabu chenyewe zilitoka mojamoja katika Raw, jarida aliloanzisha na mkewe, Françoise Mouly, zikiwa vijitabu vidogo vilivyowekwa ndani ya jarida lenye kurasa kubwa. Juzuu ya kwanza ikatoka 1986, ya pili 1991, na tuzo maalumu ya Pulitzer, ya uandishi na sanaa nchini Marekani, ikafuata 1992. Mimi huandika mwaka sambamba na jina la chapisho, na utata huo huisha.

Usiache pia kibarua chake cha takriban miaka 20 katika kampuni ya Topps (ndiyo, wale waliokuwa wakitengeneza ubani wa bazoka), alikobuni kadi na stika za watoto, kwani ndicho kilichomlisha alipokuwa akichora polepole katika Maus masimulizi ya baba yake, Vladek, aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi.