Jibu: Dogo kakamatwa, wakili nitafute lini?
Dada, umeuliza kama usubiri mpaka mwanao apelekwe kortini ndo utafute wakili. Usisubiri, tafuta leo leo kabla hajaandikisha maelezo, maana hapo ndo kesi nyingi zinapoharibikia, anaambiwa "sema ukweli uende nyumbani" na dogo kachoka, anasaini karatasi hata hajaisoma. Ataje jina na umri basi, mengine anyamaze mpaka wakili afike. Hela kama huna ulizia msaada wa kisheria wa bure, Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kifungu cha 37 unampa mtoto aliyeshikiliwa haki ya kupata msaada wa kisheria haraka. Beba cheti cha kuzaliwa, wasije wakamchanganya na watu wazima. Na simu yake usifute meseji, utajitafutia kesi nyingine bure.