Mkuu, weka hiyo spana chini

Usiguse bolti za dishi la intaneti ya satelaiti. Umeandika kwamba taa ya Rx (ya kupokea mawimbi) kwenye modemu inapepesa tangu mvua ya juzi, na kijana wa wakala amekuambia kwa simu ulegeze bolti, usogeze dishi "kidogo kidogo" mpaka taa itulie. Maneno hayohayo niliambiwa mimi Januari 2017, kambini Katavi. Tulikaa siku tisa bila mtandao.

Dishi letu lilikuwa la mita 1.2, la bendi ya masafa iitwayo Ku. Satelaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na upana wa mwale wa dishi kama hilo ni digrii moja na nusu hivi. Ukingo wa dishi ukisogea sentimita moja tu, umeshakosea digrii nzima. Sentimita moja! Nililegeza, nikasukuma, taa iliyokuwa inapepesa ikazima kabisa. Nikarudisha pale nilipodhani ndipo lilipokuwa, wapi! Sikuwa nimeweka alama hata ya rangi. Hadi jioni nilikuwa juu ya ngazi, mvua inanyesha, meneja kasimama chini na mwavuli anauliza wageni watalipaje.

Tena hilo si dishi la runinga, linarusha pia. Ukizungusha kichwa chake, polaraizesheni (mkao wa mawimbi, wima au mlalo) ikaenda upande, mawimbi yako yanaingilia wateja wengine wa satelaiti hiyohiyo na kituo kikuu cha mtoa huduma wanakufungia. Hata ukiipata satelaiti, lazima uwapigie wapime mawimbi yako kabla ya kukuruhusu kurusha. Kijana hakunigusia hilo, na kambini simu ilishika sehemu moja tu, juu ya kichuguu.

Fundi ikabidi atoke Mbeya: nauli, posho, malazi. Akalipata dishi, akapimwa, na taa bado inapepesa! Ndipo akafungua konekta ya Rx kule kwenye LNB, kile kifaa cha kupokea mbele ya dishi. Tone la maji likamdondokea kiganjani. Ncha ya shaba ilikuwa ya kijani, nyuzi za pembeni nyeusi tii. Aliyefunga mwanzo alizungushia tepu nyeusi ya umeme, hii ya dukani. Jua likaila gundi, maji yakaingia yakakosa pa kutokea. Fundi akakata kebo karibu nusu mita mpaka shaba ikang'aa, akafunga konekta mpya, akaizungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kisha akaacha kebo ining'inie kitanzi ili maji yadondokee chini kabla ya kufika kwenye konekta. Dakika ishirini, taa ikatulia.

Nina hasira mpaka leo. Mtu yuko ofisini, hajauliza mvua ilinyesha lini wala konekta zimefungwa na nini, anamwambia mwenzake porini afungue bolti! Dishi lililoshika wiki iliyopita, halikupigwa na upepo wala nguzo haijalala, halijahama. Maji ndiyo yaliyohama.

Kwa hiyo zima modemu kwanza, chomoa kabisa kwenye umeme. Kebo ya Tx (ya kurusha) inapeleka volti 24 au zaidi kwa BUC, kifaa cha kurusha kilicho kwenye dishi. Ukiifungua ikiwa hai, ncha ikagusa ganda, unaunguza modemu. Kisha fungua konekta za nje zote mbili, zitazame kwa tochi, nusa hata. Zikiwa kavu na safi, rudisha Tx mahali pake, washa, upime ncha ya Rx kule kwenye LNB kwa maltimita. Unatafuta volti 13 au 18. Hazipo? Rudi upime palepale kwenye modemu: zikiwepo huko, kebo imekufa. Zipo mpaka juu? Jaribu LNB nyingine. Bolti ni mwisho kabisa, alama zikiwa zimechorwa na mtu wa kituo kikuu akiwa kwenye simu.

Kafungue konekta leo kabla mvua haijarudi, utuwekee picha ya ncha hapa.